Kuku wa Kama Kawaida

Nina hasira za karibu. Mume wangu analijua hilo, na wanafunzi wangu wanalijua zaidi. Lakini mwaka ule nilioolewa hakuna kilichonichemsha kama maneno mawili tu: kama kawaida.

Yalianzia jikoni kwangu, Kitale. Mume wangu ni mzaliwa wa Mabanga, kule Bungoma, na siku hiyo aliniambia wazazi wake wangekuja Jumamosi kututembelea kwa mara ya kwanza tangu harusi. Bila shaka wangepikiwa kuku. Nikamuuliza kuku wa kwao hupikwa vipi.

"Si unapika tu kama kawaida," akasema, macho kwenye simu.

Kawaida ya nani? Mimi nililelewa mjini na mama nesi. Kuku wetu alinunuliwa sokoni akiwa amekwisha kukatwa vipande, hana kichwa wala matumbo, na mimi kazi yangu ilikuwa kukaanga vitunguu. Nilikuwa nimesikia kwamba kwa watu wa Bungoma kuku si kitoweo tu, ni barua: mgeni huisoma sahani yake ajue kama anapendwa. Nilikuwa nimesikia pia kisa cha bi harusi mmoja wa Ndalu aliyeandaa kuku vibaya, baba mkwe akaaga kabla ya chai. Vibaya vipi? Hakuna aliyefafanua. Kumuuliza mama mkwe niliona haya. Angesema mwanawe ameoa vitabu.

Basi nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijalikiri katika ofisi ya walimu. Nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili huko Kiminini. Jumanne niliingia kidato cha pili nikaandika ubaoni: "Eleza jinsi ya kumwandaa kuku wa mgeni wa heshima." Zoezi lilikuwa halali kabisa, insha ya maelezo imo kwenye silabasi. Nusu ya darasa ilitoka upande wa Bungoma. Nikajiambia, nitapata walimu arobaini kwa kipindi kimoja.

Nikafungua daftari la kwanza, la kijana aliyekuwa nyota wangu. "Wahenga hawakutoka kapa waliponena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Jua lilikuwa likichungulia mawinguni mithili ya bi harusi mwenye haya..." Jua likachungulia ukurasa mzima. Kuku alitokea sentensi mbili kabla ya mwisho. Akachinjwa, akapikwa kama kawaida, wageni wakaramba vidole. Daftari la pili, kama kawaida. La tano likaongeza chumvi na nyanya, halafu kama kawaida. Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikakumbuka ni nani aliyewafundisha lile jua. Ni mimi. Kwa miezi mingi nilikuwa nimewamwagia alama kwa ajili ya jua na wahenga, nikawafanya waamini kwamba kueleza ni kupamba.

Nikawarudishia madaftari bila alama.

"Mwandike upya," nikasema. "Kuna mtu amesimama jikoni. Kisu kiko mkononi, kuku yuko kwenye karai, na hajui aanzie wapi. Mwandikieni huyo. Atakayeniandikia 'kama kawaida' atalima shamba la shule."

"Lakini Mwalimu, kupika kuku kila mtu anajua, bana," nyota wangu akalalamika.

"Yuko asiyejua."

"Ati mtu mzima? Sasa huyo ni mtu wa aina gani?"

Darasa likaangua kicheko. Nikacheka pia, masikio yakiniwaka moto.

Ijumaa insha zikarudi. Jua lilikuwa limepungua, kuku ameongezeka, ingawa bado walikuwa wakiruka kutoka manyoya hadi mchuzi. Chini kabisa ya rundo palikuwa na daftari la msichana aliyeketi karibu na dirisha, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Elgon, mtu wa maneno machache. Daftari lake nililitambua kwa wino wangu mwekundu. Saba kwa ishirini. Nane kwa ishirini. Na chini ya kila insha: "Lugha kavu. Pamba!" Hakuwa amepamba. Aliandika hivi:

"Maji yawe moto lakini yasiwe yanatokota, ngozi itachanika. Usivunje mifupa kwa panga. Shika mguu uuchezeshe, pale panapocheza ndipo pa kukata, kisu kitapita chenyewe. Firigisi, ambayo watu wa Bungoma wanaiita imondo, usiikate vipande. Ipasue upande mmoja tu, toa mchanga, menya ile ngozi ya manjano ya ndani mpaka iishe, kwa sababu ikibaki ni chungu. Ipike nzima. Ni ya baba aliye mkubwa kuliko wote hapo mezani. Ukimpa mtu mwingine, baba atanyamaza, na kunyamaza huko ni kubaya kuliko kugombezwa. Ukiisahau kwenye sufuria, usipige kelele. Rudi uichukue, uiweke juu ya nyama zake, pale anapoiona."

Nikaisoma mara tatu. Nikalitia daftari mkobani, nikaenda nalo nyumbani.

Jumamosi mume wangu alichinja, akaenda kuwapokea wazee. Nikaliegemeza daftari kwenye kopo la sukari. Nikauchezesha mguu wa kuku, nikaweka kisu, kikapita chenyewe! Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni.

Mezani mambo yakaenda vizuri, ugali ukakatwa, mchuzi ukapita. Ila baba mkwe hakuwa anakula. Alikuwa ameweka mikono magotini, anaitazama sahani, kimya. Mume wangu akanikodolea macho. Imondo! Niliipika nzima, nikaimenya kama nilivyoelekezwa, kisha kwa woga nikaisahau ndani ya sufuria.

Usipige kelele. Rudi uichukue. Nikainuka kana kwamba nafuata chumvi, nikaiopoa kwa kijiko, nikaiweka juu ya nyama zake. Mzee akaiangalia, akaniangalia mimi, akanawa tena mikono.

"Sasa tule," akasema.

Baadaye mama mkwe alinifuata jikoni tuoshe vyombo, akaliona daftari lililojaa madoa ya mafuta. Alikuwa amelisoma nusu kabla sijawahi kulificha.

"Hii ni ya nani, mwanangu?"

Nikamwambia ukweli wote. Akacheka mpaka akashika ukingo wa sinki.

"Mimi nilipoolewa niliikata imondo vipande vinne, ati kila mtu apate! Si waliniambia tu nipike kama kawaida?" Akapangusa machozi. "Nipigie hii picha, uniwekee kwa simu. Kuna bi harusi mwingine anakuja pale nyumbani Desemba."

Jumatatu nilikata kwa mstari ile "Lugha kavu" ya kila ukurasa, nikaandika kumi na tisa kwa ishirini, nikamwita yule msichana baada ya kipindi. Nikamwomba radhi kwa madoa, na kwa ule wino mwekundu. Nikamuuliza alijuaje kueleza namna ile, hata pale mtu anapoweza kusahau.

"Nilipokuja kukaa na shangazi Bungoma nilikuwa mdogo, sikuwa najua," akasema. "Kulikuwa na wageni. Nikajipakulia imondo, nikakula. Wote wakanyamaza, halafu wakacheka. Hata mimi nikacheka. Hakuna mtu aliniambia ni kwa nini."

"Kwa hiyo ulimwandikia mtoto kama wewe."

Akatazama viatu vyake.

"Hapana, Mwalimu. Nilikuandikia wewe."

Nikaifunika kalamu yangu.

"Wenzangu walicheka yule mtu asiyejua, na wewe ukacheka," akaendelea. "Lakini ulicheka vile nilicheka mimi siku ile." Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akaniuliza swali. "Mzee aliipata?"

"Aliipata," nikamwambia. "Ilikuwa juu ya nyama zake, pale anapoiona."