Wembe wa Mama Mkwe Umenipa Ugonjwa, Wao Wananiita Malaya

Mwenye ukurasa, futa jina langu kabisa kabla hujabandika. Mawifi zangu wote wako humu, na vidole vyao havilali.

Nina miaka ishirini na tisa, ndoa yangu ni ya kanisani, na tuna mtoto mmoja wa kike wa miaka minne. Tuliishi kwenye vilima vya Rubaya, upande wa Goma, ua mmoja na mama mkwe. Sasa mimi nimerudishwa Burungu kwa wazazi wangu, mtoto amebaki kule.

Mama mkwe kazi yake ni kuumika watu. Anakuchanja mgongoni kwa wembe, anabandika pembe ya ng'ombe juu ya vidonda, anavuta kwa mdomo mpaka ile anayoita damu mbaya itoke. Wachimbaji wa madini ya koltani na wabeba mizigo wanamwamini kuliko daktari, maana migongo yao imekwisha. Mmoja anainuka anapanguswa, mwingine analala palepale kwenye mkeka. Wembe unachovywa kwenye maji ya moto, kazi inaendelea. Nilipojifungua, mgongo ulinikaza, naye akaniumika vivyo hivyo. Nilimshukuru, tena nikamchinjia kuku.

Mwaka huu wifi yangu alijifungua vibaya akapoteza damu nyingi. Tulikimbilia hospitali, mimi nikawa wa kwanza kunyoosha mkono nipimwe nimtolee. Muuguzi akaniita pembeni.

"Mama, damu yako hatuwezi kuitumia. Imeonyesha hepatite C. Inakula maini polepole, muntu hasikie kitu."

Nikamuuliza, "Ni bwana yangu njo amenipatia?"

"Inaweza kupita kati ya bibi na bwana, lakini ni mara chache sana. Ile ugonjwa inatembea na damu. Ulishachomwa sindano yenye ilitumika kwa mwingine? Ao kuchanjwa na wembe ya batu wengi?"

Nilijishika mgongo bila kujua. Akaniambia kula pamoja hakuambukizi, kushikana mikono hakuambukizi, ila wembe na mswaki nisigawane na mtu. Nikapime tena Goma ili kuhakikisha, na nikikutwa nao kweli kuna vidonge, wengi wanapona. Nilitoka pale na matumaini, nikawaambia wakwe zangu nilichokutwa nacho, mjinga mimi.

Mume wangu naye alipimwa siku ileile, akakutwa mzima, akatoa damu, dada yake akapona. Mnajua wifi alisema nini alipopata nguvu ya kukaa kitandani? "Bibi ya kaka yangu anatuletea magonjwa ya banaume." Yule yule niliyetaka kumpa damu yangu!

Nyumbani sahani yangu ilihamishiwa nje, karibu na ya mbwa. Kikombe changu mama mkwe alikivunja mbele ya wateja wake akisema, "Bwana yake iko muzima. Ye aliitoa wapi?" Wateja wakacheka. Walicheka wamelala kifudifudi, migongo wazi, wakingoja wembe uleule. Nilitamani kuwacheka na mimi, lakini kilio kilinitangulia.

Nikamfuata mume wangu shambani, nikamweleza yote ya muuguzi. Nilidhani atashangaa. Akaendelea kupalilia maharage.

"Najua," akasema. "Mi mama ananifunguliaka wembe mupya kila mara. Njo maana niko muzima."

"Na miye?"

"Weye ulikuja tu ku hii nyumba. Sasa unataka nitangaze mama yangu anaua batu? Hii nyumba yote inakula ku ile pembe."

Jamani, niliolewa na huyu. Nilimwosha miguu.

Familia ikakaa, ikatoa hukumu. Nisimame kanisani mbele ya watu wote, niseme nilitoka nje ya ndoa na huko ndiko nilikopata ugonjwa, niombe msamaha. Hapo nitarudi kwa mtoto wangu. Nikakataa. Sijawahi kumjua mwanaume mwingine, na siwezi kuutupia mwili wangu matope ili wembe wa mtu ubaki safi. Nikafukuzwa jioni ileile. Kaka zangu walikwenda kumchukua mtoto, wakarudishwa kwa mapanga.

Nilijiapiza kwamba siku ya kusema uongo ule haitafika. Jana mume wangu akapiga simu. Mtoto anakohoa, na mama mkwe amepanga kumchanja kifuani Jumamosi. Nilipiga kelele mpaka mama yangu akatoka jikoni.

"Umununulie basi wembe mupya! Ni mutoto wako!"

Akasema, "Mama anasema wembe mupya ni ya batoto ba hii nyumba. Huyu hatujui kama ni wa kwetu." Akaongeza kwamba nikikubali kusema kanisani, mlango uko wazi hata kesho. Akakata.

Nikisema uongo, nitaingia ule ua na nitakaa kati ya mtoto wangu na ule wembe, hata kama nitakula na mbwa. Lakini kilima kizima kitaamini ugonjwa umeletwa na umalaya wangu, na watu wataendelea kulala kwenye ule mkeka. Nikishika ukweli wangu, mtoto atachanjwa Jumamosi na wembe uliotoka mgongoni kwa nani sijui.

Msiniambie nivumilie, nimevumilia. Msiniambie nisali, kanisa lenyewe ndilo linalongoja niungame dhambi ambayo sina. Na ninyi mlionicheka mkiwa mmelala kifudifudi, najua mnasoma hapa: nendeni mkapimwe, kisha mje mnicheke tena.

Kina mama wenzangu, nishaurini, nifanye nini? Jibuni upesi. Jumamosi ni kesho kutwa.