Kutoboa Mninga Bila Kuubabua

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru nilikuwa fundi seremala Chemchem, hapa Tabora. Kazi iliyonipa jina ilikuwa mbao za matundu: ubao mnene wa mninga unatobolewa maua na nyota, kisha unawekwa juu ya mlango ili hewa ipite. Waarabu wenye maduka mjini walizipenda sana. Keekee hutoboa tundu la duara tu, haikuweza kufuata mapindo ya ua, kwa hiyo nilitoboa kwa chuma cha moto.

Moto hautaki pupa. Ukishikilia chuma mahali pamoja, ubao unababuka pande zote, na weusi ule huzama ndani hata randa isiutoe. Ilinichukua muda mrefu kujua dawa yake. Nilipaka ubao udongo wa kichuguu uliolainishwa kwa maji, nikaacha wazi michoro tu. Chuma kiguse, kitoke, kirudi tena. Usitake kumaliza unene wote kwa mara moja. Na mtu wa pili avukute mvukuto pembeni, upepo ufukuze moshi kabla haujaganda juu ya mti.

Mtu huyo wa pili alikuwa rafiki yangu. Alitoka Ziba, kwa wafugaji, akaja mjini na shoka lake tu. Alikula kwangu, mke wangu akamwita shemeji, nami nikamfundisha kila nilichojua. Siku moja niliunguza ubao kwa makusudi ili aone kwa macho yake.

"Tazama," nilimwambia, "hivi ndivyo haraka inavyoharibu."

Alicheka, akautundika ukutani.

Ujamaa ulipokuja, mafundi tuliunganishwa katika karakana moja ya ushirika; rafiki yangu akauhamisha na ule ubao ulioungua, akautundika ukutani huko. Tukasikia kijiji kipya upande wa Kaliua kinahitaji mwalimu wa useremala, na kwamba kamati itakuja kumchagua kwetu. Wote pale karakanani walijua atakayekwenda ni mimi. Mke wangu alikwisha kuanza kufunga vyombo.

Asubuhi waliyokuja, mkubwa wao alichukua ubao wangu uliokamilika, akapitisha kidole kwenye matundu.

"Mninga mnene namna hii, na hauna doa! Nani aliyebuni njia hii?"

Nilikuwa nafuta mikono ili nijibu. Rafiki yangu akanitangulia.

"Ni mimi, ndugu."

"Na mwenzako huyu?"

"Bado anajifunza, ndugu. Moyo anao, ila chuma kinamshinda." Akauteremsha ule ubao ulioungua. "Hii ni kazi ya mkono wake."

Na kweli ulikuwa mkono wangu. Nikasema, "Ndugu, huo niliuunguza makusudi," na maneno yakatoka kama ya mtoto aliyevunja chungu. Wenzangu wa karakana wakainamisha vichwa. Hakuna aliyetaka kubishana na kamati. Yule mkubwa akanigusa bega. "Usione haya. Sote tunajifunza."

Wageni walipoondoka nilimuuliza kwa nini.

"Wewe una nyumba mjini, una jina," alisema, akikusanya vyombo vyake. "Mimi nina nini?"

"Ungeniomba, ningekuachia."

Alifunga vyombo vyake, akatoka. Alipanda treni ya Kaliua wiki ile ile. Mke wangu alifungua mizigo yetu, akarudisha sufuria moja moja mahali pake.

Masika mawili yakapita. Mchana mmoja nikamkuta rafiki yangu amesimama mlangoni pangu, ameshika ubao uliofungwa kwenye gunia. Alikuwa amekonda.

"Juu unatoka safi," alisema, "lakini chini unababuka. Nimejaribu kila kitu."

Nilielewa mara moja. Alikuwa akiulaza ubao juu ya meza, moshi unakosa njia. Mimi siku zote niliuinua kidogo, naye hakuwahi kuuliza kwa nini. Ningeweza kusema sijui. Nililifikiria hilo, tena sana. Lakini nilikumbuka kuna watu kijijini wanaongoja milango.

"Weka vijiti viwili chini yake," nilisema. "Moshi upate pa kutokea."

"Ahsante, kaka."

Akangoja. Kwetu mtu aliyeshuka treni kutoka Kaliua huambiwa karibu, hupewa maji, huwekewa chakula. Ndani ugali ulikuwa tayari, na harufu ya mlenda ilitufikia sote wawili. Sikusema karibu.

Alikunja gunia lake, akaishika njia ya stesheni. Nilimtazama mpaka akakata kona. Nilitaka ageuke, ingawa mpaka leo sijui ningefanya nini kama angegeuka.