Wahu na Sheria ya Nusu Tangi

Wahu hakupendwa katika steji yake ya teksi, naye hakuwahi kulilalamikia jambo hilo. Kila asubuhi, kabla ya kumsalimu mtu, aliipita foleni ya magari akiinama kwenye dirisha la kila dereva.

"Washa nione," alisema.

Dereva aliwasha, mshale wa mafuta ukapanda. Ukikoma chini ya nusu, gari hilo halikubeba abiria mpaka liongezwe mafuta. Sheria hiyo aliileta yeye aliporudi Eldoret baada ya ghasia za uchaguzi, na madereva wa wakati ule, waliokuwa bado wakiukumbuka moshi, waliipitisha bila kubishana. Waliokuja baadaye waliirithi kama mtu anavyorithi shamba lenye kesi.

Sababu yake ilijulikana. Madereva wengi wa teksi mjini hapa hutia mafuta ya safari moja moja: abiria akishapanda, ndipo hupitia kituo cha mafuta kununua ya kumfikisha anakokwenda. Ndivyo Wahu naye alivyofanya hadi Januari ya mwaka 2008. Siku alipompakia mumewe, Gichuru, ili wakimbilie Nakuru, vituo vyote vilikuwa vimefungwa, na tangi lilikuwa na mafuta ya kufika mtaa wa Pioneer, hapa hapa mjini, na kurudi. Gari lilizimika kabla ya mji mdogo wa Burnt Forest, kwenye barabara ya Nakuru. Vijana waliolikuta walilichoma. Gichuru alipigwa, akafia baadaye katika kambi ya waliofukuzwa makwao. Wahu hulieleza jambo hili kwa sentensi hizo hizo, na ukiuliza zaidi hukugeuzia mgongo.

Mwaka 2021, injini ya teksi aliyoipata baada ya ile iliyochomwa ilikufa. Johnstone, muuzaji wa magari yaliyotumika, alimwonyesha gari dogo la umeme lililotoka Japani, akamruhusu kulijaribu kwa wiki moja. Mimi, jirani yake, nilisomea umeme wa magari katika chuo cha ufundi, na ndiyo sababu Wahu aliniita nilipime.

"Sitaki uniambie ni zuri," alinionya. "Johnstone ameshaniambia, na yeye analipwa kusema hivyo."

Nilipima betri nikamweleza nilichokiona: ilikuwa imechakaa kiasi, na sehemu ya nguvu iliyokuja nayo kutoka kiwandani haingerudi tena. Wiki ile aliliendesha bila kulihurumia. Katika msongamano wa katikati ya mji, magari mengine yakiteketeza mafuta yakiwa yamesimama, lake lilikula nguvu kidogo sana. Liligeuka kwenye vichochoro vya mtaa wa Huruma ambamo teksi kubwa hulazimika kurudi kinyumenyume. Kwenye matuta lilihitaji uangalifu, kwa kuwa betri iko chini ya sakafu. Asubuhi za baridi, kipasha joto kilikula nguvu kwa uroho, akakizima na kuwaambia abiria wavae sweta. Alilichaji nyumbani usiku, kwa mita yake mwenyewe ya umeme. Hadi mwisho wa wiki hakuwa amepata kosa la kulikataa, na hilo lilimuudhi.

Kisha akaliingiza kwenye foleni ya steji.

Mwenyekiti wa steji, Kimutai, alikuwa akimsubiri. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, na hakuna dereva aliyezuiwa na Wahu mara nyingi kuliko yeye. Aliinama dirishani huku wenzake wakimzunguka.

"Mama, leo ni zamu yetu. Washa tuone."

Wahu aliwasha. Gari halikutoa sauti, na madereva wakacheka.

"Imewaka ama imelala?" mmoja aliuliza.

"Nusu tangi iko wapi?" Kimutai alisema. "Ama sasa ni nusu ya chaji, kama simu? Sheria ni yako, Mama. Nusu tangi ya gari yangu inafika Nakuru. Hii yako inafika wapi?"

"Jumapili utajua. Tutatoka hapa na nusu ya betri. Ikipita Burnt Forest na bado ina nguvu ya kuendelea, itaingia kwa foleni. Utakaa mbele uone kwa macho yako."

Jumapili Kimutai alikuja na magunia mawili ya mahindi. Alisema watu wanaokimbia hawakimbii na gari tupu. Wahu hakubishana, kwa sababu alijua ni kweli. Nilibanwa nyuma kando ya magunia. Barabara ya kwenda Nakuru hupanda taratibu, kiasi kwamba dereva wa petroli huenda asitambue, lakini betri ilitambua. Tulipopita Cheptiret, zaidi ya nusu ya tulichoondoka nacho ilikuwa imekwisha. Wahu alishika usukani kwa mikono yote miwili. Tulipoanza kuyaona maduka ya Burnt Forest, taa ya onyo iliwaka, gari likapunguza mwendo lenyewe, likajikokota hadi mbele ya karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma.

"Imefika," Kimutai alisema. "Haijapita."

Fundi alikubali tuchomeke waya kwake. Kuchaji kungechukua saa kadhaa, na palikuwa na benchi moja tu. Wahu aliketi mwisho huu, Kimutai mwisho ule.

"Mimi sina shida na hii gari," Kimutai alianza. "Tuitishe kikao. Wewe uombe ruhusa ya gari ya stima kama hii, mimi niseme kila mtu apate ruhusa. Sheria iishe. Wewe unabaki na foleni yako, vijana wanapumua. Mafuta imepanda, Mama. Mtu analala na nusu tangi na watoto hawana unga."

"Mwaka kesho ni uchaguzi."

"Kwa kichwa yako kila mwaka ni uchaguzi."

"Kwa kichwa yangu, ndiyo. Kwa wengine ilikuwa kwa mikono."

Kimutai alisimama, akatembea hadi barabarani, akarudi. Sauti yake ilikuwa ya chini lakini haikuwa na upole wowote.

"Miaka yote unaniangalia geji. Kila asubuhi, mafuta, mafuta. Kitu unataka kuniuliza hujawahi uliza. Uliza basi mwaka ule nilikuwa wapi."

"Nikiuliza, utanijibu?"

Kimutai alimtazama, kisha akaitazama nyundo ya fundi. Wahu hakuuliza. Tulikaa hivyo hadi betri ilipopata nguvu ya kuturudisha, na njiani kurudi, gari likiteremka, magurudumu yaliirudishia betri nguvu kidogo.

Jumatatu kikao kiliitishwa hapo steji. Madereva walikwisha kuambiwa na Kimutai kwamba Mama ataomba ruhusa, na wengine walitabasamu mapema. Ilikuwa wazi kwa wote: akiomba, anabaki na riziki yake na sheria inakufa; asipoomba, hana foleni.

"Nimeijaribu hii gari," Wahu alisema. "Kwa kazi ya mjini inashinda zenu zote. Kwa sheria, imeanguka. Siombi ruhusa. Ninainunua, na ninatoka steji."

Kimutai hakulitarajia hilo. "Mama, unatuachia mzigo halafu unaenda zako?"

"Si mzigo wangu, ni sheria ya steji. Mnaweza kuiondoa. Anayetaka iondolewe ainue mkono sasa, nimwone uso, mwaka mmoja kabla ya kura."

Dereva mmoja alijikuna shingo. Mwingine alianza kufuta kioo kilichokuwa safi. Hakuna mkono ulioinuka, hata wa Kimutai. Wahu alisubiri zaidi ya ilivyohitajika, akaingia garini, akaondoka bila kuwaaga.

Sasa huegesha katika mtaa wa West Indies, mbele ya duka la dawa, na hufanya kazi kwa kupigiwa simu. Alipoteza wateja wengi waliokuwa wakipandia steji, na baadhi ya majirani humwita mama wa kiburi. Ukaguzi wa asubuhi hufanywa na Kimutai, kwa kelele nyingi kuliko za Wahu. Abiria wa mbali, wa Kitale au Nakuru, wanapomwita Wahu, huwakatalia waziwazi: gari hili ni la mjini. Kisha humpigia Kimutai, mwenye nusu tangi, humtajia mahali abiria alipo, na hukata simu kabla hajashukuriwa.