Fonti yenye vimiguu ilivyombakiza baba yangu mimbarini

Wakuu, habari za saa hizi. Kisa hiki ni changu mwenyewe na sijatia chumvi. Anayebisha aje dukani kwangu Majengo, karatasi aliyosomea baba nimeibandika ukutani.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Madaba. Niliondoka na begi moja kwenda Dar, nikabeba zege mchana na kusoma jioni mpaka nikapata diploma ya graphic design. Sikubebwa na mjomba wala shangazi. Leo nina nyumba Lizaboni na duka la uchapaji, na kadi nyingi za harusi mnazozisifia hapa Songea zimetoka mkononi mwangu.

Sijisifu. Sawa, najisifu kidogo.

Siri ya kadi zangu ni fonti moja, yaani mtindo wa herufi, wa aina ya serif. Kwa wasiojua, serif ni zile herufi zenye vimiguu vidogo kwenye ncha zake. Niliinunua kwa pesa yangu, sikuipakua kiwizi. Mistari yake minene imeshiba, myembamba ni kama uzi wa buibui. Ukiandika jina la bibi harusi kwa fonti ile, hata mama mkwe anatulia.

Sasa baba yangu. Ni katekista wa kigango chetu kule Madaba. Padri huja mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine zote baba ndiye anayeongoza ibada na kusoma masomo. Ameifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa.

Macho yamechoka. Hata akivaa miwani anaruka mistari. Mwenyekiti wa kigango akamwendea kwa adabu, akamwambia akiendelea kukwama, masomo atapewa mtu mwingine.

Baba hakuniambia. Mama ndiye alinipigia simu. "Baba yako hali vizuri. Anashika Biblia jioni nzima, hasomi."

Nikaona ni kazi ya dakika kumi. Nikachapa somo la Jumapili kwa fonti yangu, saizi kubwa, karatasi nzito ya kadi. Jumamosi nikaipeleka mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Bwana Diploma. Umeniletea mwaliko wa harusi ya nani?"

Jumapili akapanda mimbarini. Akasoma mistari mitatu, akafika kwenye neno "mwanamume", akasimama.

Akaisogeza karatasi mbali, akaivuta karibu. Mama Komba, mwimbishaji wa kwaya, akaona. Akaanzisha wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba, kanisa zima likaitikia.

Baada ya ibada mwenyekiti alitukuta mlangoni. "Katekista, tujaribu Jumapili moja zaidi." Tulimwelewa.

Njiani nikasema, "Baba, ungeniambia saizi haitoshi."

Akanipa karatasi. "Saizi inatosha. Hizi herufi zako zimevaa za harusi, mimi nakwenda nazo shamba."

Nikafumba macho nusu, nikatazama. Ndipo nikaona. Herufi m, n na u zinaunganishwa na ule uzi wa buibui. Kwa macho ya baba uzi ulikuwa umepotea, zikabaki nguzo tupu. "Mwanamume" lilikuwa uzio wa miti.

Nilirudi mjini. Nikafungua folda ya fonti ile kwenye kompyuta.

Ndani kuna faili lingine, limeandikwa Text, yaani la maandishi marefu ya kusoma. Nilikuwa nalo miaka yote. Niliwahi kulitazama mara moja, nikaona limenenepa, nikaliacha.

Sasa nikakuza herufi moja moja kwenye kioo cha kompyuta. Sura ni ileile, lakini kila uzi umeongezwa unene kidogo sana. Tumbo la e limefunguliwa. Herufi zimeachiana nafasi ya kupumua. Vimiguu vimetanuka, vinachora kama njia chini ya maneno, jicho linapita juu yake bila kupotea.

Mtu nisiyemjua, nchi nisiyoijua, alikaa akalifikiria jicho lililochoka. Akachora upya herufi zote, moja baada ya nyingine, na akahakikisha hakuna atakayegundua. Nina diploma ya mambo haya, na nilikaa pale kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Nikachapa upya. Cha ajabu, saizi niliipunguza na bado ilisomeka vizuri zaidi. Mistari nikaikata pale baba anapovuta pumzi.

Jumapili baba alisoma somo lote. Hakukwama, hakuruka. Sauti ilikuwa ileile ya utotoni mwangu. Nilijikuta nimesimama wakati wenzangu wamekaa.

Kisha katibu wa kigango akampa matangazo, yameandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Baba akayageuza huku na huku, akamrudishia mbele ya watu.

"Soma mwenyewe, katibu. Mimi siku hizi nasoma yenye miguu."

Kanisa likaangua kicheko. Nje, mwenyekiti akanishika mkono. "Kijana, somo la wiki ijayo unalileta lini?"

Nilichojifunza wakuu: kabla ya kuchapa, muulize atakayesoma, siyo anayelipia tu. Nilikuwa navalisha herufi miaka yote bila kujua zinaweza pia kumshika mzee mkono.

Wenye wazazi wanaosoma kwa shida, nyie mnafanyaje? Na wachapaji mliomo humu, fungueni folda zenu, halafu mje mseme mmekuta nini.