Siku ya Posho, kwa Kinga ya Bwana Yangu

Bwana yangu alikufa kwa homa katikati ya kiangazi, na kwa miezi miwili kinga yake, ile baiskeli, ilisimama nyuma ya nyumba bila mutu wa kuigusa. Ilikuwa kinga ya milima, yenye tairi pana na vitesi saba vya kubadili mwendo, aliyoipata Kashikishi mwaka wa pili wa ukimbizi wetu kutoka Congo. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, wengine wakijitayarisha kwa ibada ya kesho yake, yeye aliipanda akazunguka vijia vya huku kwetu Kafutuma. Alirudi muchana, kimya, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikimuuliza alipita wapi, alijibu, "Nilinyoosha miguu tu."

Posho moja asubuhi niliitoa. Sikuwa na pa kwenda. Kuendesha nilijua tangu usichana wangu kule Pweto, na vijia vile nimevipita mara nyingi na mihogo kichwani. Lakini kwa kinga njia ni nyingine. Kwenye muchanga tairi zilizama, nikashuka, nikasukuma. Kwenye mizizi kiti kilinipiga, maana kilikuwa bado juu kwa ajili ya miguu yake mirefu, na sikutaka kukishusha. Watu walikuwa wamechoma mapori. Moshi ulilala chini ukiwasha macho, na hilo lilinisaidia: niliokutana nao hawakuuliza kwa nini ninalia.

Penye kijito kuna muzee mumoja Mubemba anayesuka mikeka ya matete kando ya njia. Alisikia munyororo wa kinga, akasema bila kuinua kichwa, akidhani ni bwana yangu, "Umepotea siku nyingi, tata."

Halafu akaniona. "Ah, mayo, mama. Yeye iko wapi?"

"Alikufa," nikasema. "Ni mwezi mbili sasa."

Aliweka matete chini, akapiga makofi polepole, kama wanavyofanya huku kwa heshima. "Hakuna mutu aliniambia. Mimi kila posho nilikuwa namuwekea maji." Akaonyesha kichuguu kikubwa ng'ambo ya kijito. "Alikuwa anaenda kuikala pale juu. Siku moja nilimuuliza, unaangalia nini? Akaniambia, mutoto wangu iko kule."

Niligeuka nikatazama kichuguu kile.

Tulipokimbia vita tuliacha kaburi dogo ng'ambo ya ziwa, la binti yetu wa kwanza. Alikuwa na miaka mine. Tulimuzika haraka, hata musalaba hatukuweka. Tulipofika huku bwana yangu alisema jina lake lisitajwe tena nyumbani, nami nikatii. Nililia jikoni, peke yangu, bukari, ugali wetu, ikiungua. Moyoni nilimuita mutu wa jiwe, na niliendelea kumuita hivyo mpaka juma alilokufa.

Nilimuachia muzee kinga, nikapanda kichuguu. Juu kulikuwa na pahali udongo umelainika, upana wa mutu mumoja. Nikaikala hapo. Siku zisizo na moshi ungeona ziwa, na nyuma yake milima ya Congo. Siku ile sikuona kitu, ni weupe tu, na sauti ya shoka mahali fulani. Huruma haikuja. Nilikasirika. Kichuguu kile kingetutosha wote wawili, na miaka yote ile hakuniita hata mara moja.

Niliposhuka muzee alinipa maji, nikanywa yote.

"Urudi wakati mvua imeanguka," alisema. "Moshi utaisha. Utaona muzuri."

"Sijui, tata," nikamujibu.

Nilirudi nikiisukuma kinga karibu njia yote. Nyumbani binti yangu, yule aliyevuka ziwa akiwa mugongoni mwangu, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliuliza kama nimeanguka, maana nguo yangu ilijaa udongo. Nilikaa chini karibu na kinu nikamuambia kwamba alikuwa na dada.

Aliacha kutwanga. "Aliitwa nani?"

Jina lile sikuwa nimelisema kwa sauti tangu tuvuke. Nikalisema. Akalirudia polepole, akalikosea, nikamusahihisha. Sombe tulilipika, lakini siku ile hakuna aliyekula.