Yaya Aliyeondoka na Lori

Juma lililopita, rafiki yangu, nilikuwa ndani ya teksi katikati ya Likasi, lori la vijana walioandikishwa jeshini likatupita wakiimba. Nikamwambia dereva asimame. Nikashuka na kulifuata kwa miguu, nikitazama nyuso za wasichana moja moja, hadi lilipokata kona. Mtu mzima mimi, mwenye watoto, na nilijua vizuri kwamba ninayemtafuta hayumo.

Nilikulia Panda, katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, nikilelewa na kambo, mama yake mama yangu. Ukuta mmoja tu ulitutenga na jirani. Siku moja binti wa jirani huyo akaja kutoka kijijini, kando ya mto Lufira, karibu na Koni. Alikuwa na miaka kama kumi na minane, na sisi watoto tulimwita Yaya, yaani dada mkubwa. Alitwanga sombe, majani ya muhogo, huku akicheza, akachota maji mbio mbio, na hakumaliza bukari yake, ugali wetu wa huku, bila kuinuka mara mbili. Jumamosi alinisuka kibarazani, harufu ya moto wa makala na samaki wa chumvi ikitujia kutoka jikoni. "Tulia," aliniambia, kumbe anayetikisika ni yeye.

Vita vya mashariki mwa nchi vilipopamba moto, akaenda kujiandikisha.

"Bunduki ni ya nini kwako?" mama yake akamuuliza.

"Mama, huku tunangojea tu. Miye nimechoka kungojea."

Lori lilikuja siku moja kabla ya ile waliyoambiwa. Nilikuwa nimeketi miguuni pake, nusu ya kichwa imesukwa. Akaweka kitana mapajani mwangu. "Nitamaliza nikirudia," akasema, akaenda. Kwa majuma mawili nilimkataza kila mtu kunigusa nywele, hadi mwalimu aliponirudisha nyumbani na kambo akazifumua, mimi nikilia.

Kila Jumapili baada ya ibada Yaya alimpigia mama yake simu, nasi tukaizunguka. Hakuzungumzia vita. Aliuliza tunakula nini, na akiambiwa ni sombe, aliuliza nani ameitwanga. Kisha Jumapili moja simu haikulia, wala iliyofuata. Mvua zilikuwa zimekwisha mwenzake mmoja alipopiga. Alisema walishambuliwa kilimani, wakakimbia wote. Yaya akarudi kumchukua aliyejeruhiwa, na hawakumwona tena.

"Mulimuzika?" mama yake akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi usiniambie amekufa."

Kanisani walipotaka kumwombolezea, jirani, mama yake Yaya, aliinuka, akabeba kiti chake, akatoka. Kambo akamfuata. Nilienda nyuma yao hadi nyumbani.

Siku hizi katika nyumba ile ya jirani wanakaa wachuuzi wa madini. Kibaraza kimebomolewa, kambo alishafariki, na watoto wa mtaa huo hawajui kwamba Yaya aliwahi kuishi pale. Jirani alirudi kijijini.

Baada ya kuliona lori lile sikuweza kukaa. Kesho yake nikaenda kijijini kumwona mama yake Yaya. Tulimenya karanga pamoja. Akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamwambia thelathini na mmoja.

"Basi weye ndiye mukubwa sasa," akasema. "Yaya wako alikuwa mutoto tu."

Kwa miaka yote hiyo, sikuwahi kumsikia akimtaja binti yake kwa neno "alikuwa."