Mbuzi ya Katungu mu Njia ya Éliakim

Kama unataka kuuzisha nyumba juu ya woga, soma hii kwanza. Na kama uko komisionere wa kudanganya bamama bajane, soma mara mbili.

Katungu ni mama wa kuuzisha poireaux, ile mboga ya kama kitunguu. Bwana yake, marehemu Kahongya, alimuachia nyumba ya matofali kule Beni, njo mule alikuwa anakaa. Wakati bauaji balikaribia mitaa, batu bakawa banatoka na magodoro ku kichwa. Njo Éliakim akakuya. Éliakim ni komisionere, dalali wa manyumba, mwimbishaji wa kwaya, maneno yake laini kama ndizi yenye imeiva kupita.

"Mama Katungu, uzisha leo, wakati mununuzi angaliko. Kesho kutwa mu hii Beni, manyumba yote itakuwa ya kulala mbuzi."

"Na mununuzi ni nani?"

"Mimi mwenyewe. Ni huruma tu, mama yangu."

Huruma! Akamulipa bei ya kibanda. Katungu akapokea, akapanda camion, akaenda kupanga chumba Butembo, upande wa Rughenda, na kuuzisha poireaux mu soko ya kule.

Sasa sikia kosa ya Éliakim. Kwetu, ukinunua kiwanja, unachinja mbuzi. Bajirani banakuya, banatembea mupaka pamoja na wewe: hapa ni kwake, hapa ni kwangu. Kiisha munakula nyama. Mutu akishakula mbuzi yako, hawezi kukukana kesho. Éliakim alijua bajirani bakisikia ile bei, batamufungua Katungu macho. Donc, hapana mbuzi, hapana kutembea mupaka. Akasema ni vita.

Miaka ikapita. Goma ikaanguka mu mikono ya baasi, bureau za province zikahamia Beni, kila boss akawa anatafuta nyumba kule. Bei ikapanda kama moshi. Butembo nayo ikajaa bakimbizi ba Kayna na ba Alimbongo, mwenye chumba akamuambia Katungu: lipa mara mbili ao toka. Mama mwenye alikuwa na nyumba, leo hata chumba inamukataa. Na Éliakim yuko anauzisha ile nyumba kwa boss moya wa jeep.

Nilimuuliza Katungu kama alisali. Akanicheka. "Nilisali sana. Nilimuambia Mungu aniachie huyu Éliakim, nimushugulikie mimi mwenyewe."

Mungu akajibu kwa simu ya muzee Zacharie, jirani wa zamani.

"Katungu, boss anakataa kulipa mbele ya kutembea mupaka na sisi. Kuya. Na ile njia ya kuingilia, unakumbuka nani aliuzishia bwana yako?"

Katungu akakumbuka. Nyumba, Kahongya aliinunua kwa mutu mwingine. Njia, aliinunua kiisha, kwa Zacharie, ili gari ipate kuingia. Éliakim alinunua nyumba tu. Hakuna mwenye alimuonyesha mupaka, juu hakuita mutu.

Katungu akafika Beni na mbuzi tatu. Akazungusha miti mu njia yake, akazifunga ndani.

Siku ya mupaka, jeep ya boss ikasimama pua kwa pua na mbuzi. Zacharie akanyoosha fimbo: "Nyumba ni ya Éliakim. Njia ni ya Katungu. Mimi njo nilimuuzishia bwana yake, na mbuzi yake tulikula."

"Tulikula!" bajirani bakaitika.

"Na ya Éliakim?"

"Hata supu hatukuonja!"

Boss akacheka, akageuza jeep.

"Mama Katungu, tafazali, toa hizi mbuzi," Éliakim akasema. "Njia nitainunua."

"Mutoto wangu, si ulisema nyumba itakuwa ya mbuzi? Minakusaidia usikuwe mwongo."

"Basi unataka nini?"

"Nyumba yangu. Kwa bei yako, ile ya huruma."

Akatukana, akakimbia kwa chef wa quartier, mukubwa wa mutaa. Chef akamuambia alete bajirani, bamushuhudie. Bajirani gani? Bale ba supu? Banunuzi bengine bakafika, bakaona mbuzi, bakarudia. Manjanja ya paa ikaanza kuvuja. Mbuzi zikazaa. Éliakim akapunguka mwili, na mimi nikasikia hiyo habari kwa furaha, sitaficha.

Bei ikianguka juu ya woga, usiuzishe. Funga mulango, pangisha, muachie jirani ufunguo. Woga inapita, kiwanja haipite.

Mwisho Éliakim akakubali kurudisha nyumba kwa ile bei ya huruma. Katungu akalipa na likelemba, ile mufuko yenye bamama ba poireaux banachangia na kupokea kwa zamu. Akachinja mbuzi moya, bakatembea mupaka wote, bakakula. Éliakim alisimama ngambo ya barabara, moshi ya nyama inamupiga mu pua. Hakuna mwenye alimuita. Ule boss wa jeep akarudia, leo ndiye anapanga nyumba kubwa, Katungu anakaa mu annexe, kanyumba ka nyuma, na kodi ya boss inamutosha.

Siku boss aliingiza vitu vyake, Éliakim akasogea polepole.

"Mama, huyu boss nilimuleta mimi. Na komisioni yangu?"

Katungu akamuonyesha njia, pale mbuzi zilikuwa zinalala.

"Iko pale chini, nyeusi, ya mviringo. Okota yote."